Nani Kamwambia Tembo Kwake ni Hifadhini?

Hoja mmezisikia. Zimesemwa redioni, zimeandikwa magazetini, zimerudiwa na watu wenye heshima zao mpaka zikaanza kuvaa joho la elimu: kwamba tembo wa Asia, hasa wa Sri Lanka, amevamia mashamba ya watu, kwamba dawa ni kumrudisha hifadhini na kumwekea uzio, kwamba mkorofi ahamishwe, kwamba wamezidi, kwamba adui yake ni jangili, na kwamba, hata hivyo, tusihangaike sana, maana huko dini na mila zinamlinda. Nimezisoma zote, nyingine mara mbili, nikitafuta mahali penye uzito. Nitaziweka mezani jinsi wenyewe wanavyozisema, kisha niweke ushahidi kando yake. Mizani mnayo nyinyi wasomaji.

Nimeichagua Sri Lanka kwa makusudi. Kati ya nchi 13 zenye tembo wa Asia wa porini, sijui nyingine ambako jambo hili linaonekana wazi hivi. Ni kisiwa cha kilomita za mraba 65,000 na ushei, Tanzania ingekimeza mara 14, na ndani yake wanaishi watu wapatao milioni 22 pamoja na tembo elfu kadhaa. Mwaka 2023 peke yake vilirekodiwa vifo vya tembo zaidi ya 470, na watu zaidi ya 160 waliuawa na tembo. Kwa hiyo tusije tukadhani tunabishana kwa kujifurahisha.

Tuanze na hoja mama, maana nyingine zote zinanyonya kwake. Inasema hivi: tembo ana kwake, nako ni msituni, binadamu ana kwake, nako ni shambani, watu wakafyeka msitu, tembo akakosa chakula, akatoka kuja kutuibia. Ni hoja yenye sura ya huruma, na ndiyo maana wengi wameimeza bila kutafuna. Inamhurumia tembo hata inapomwita mwizi.

Ushahidi unasema vingine. Watafiti wakiongozwa na Prithiviraj Fernando waliigawa nchi nzima katika miraba, wakaenda mraba kwa mraba kuwauliza wenyeji kama tembo wapo. Matokeo yao ni kwamba tembo wanapatikana katika asilimia 59.9 ya kisiwa, na asilimia 69.4 ya eneo hilo la tembo lina watu wanaoishi humo humo. Isomeni tena takwimu ya pili. Zaidi ya theluthi mbili ya nchi ya tembo ni nchi ya watu pia. Anayesema tembo "ametoka" ana wajibu wa kutuonyesha mlango aliotokea.

Hoja hiyo inayumba zaidi ukiangalia tembo anakula nini. Tembo wa Asia si mpenzi wa msitu mkomavu wenye miti mirefu na kivuli kizito; chini ya miti ile nyasi ni haba. Anapenda vichaka, machipukizi, mahali palipofyekwa jana na kuachwa leo. Kwa karne nyingi mkulima wa ukanda mkavu wa Sri Lanka alimtengenezea mahali pa namna hiyo bila kukusudia. Alifyeka kipande, akachoma, akalima msimu wa mvua, akavuna, akahama. Kiangazi kilipokaza, tembo aliingia kwenye lile gofu la shamba akala mabua na vichipukizi. Mvua iliporudi, porini kukawa na malisho, naye akajiondokea. Halafu kuna mabwawa. Wafalme wa kale walijaza ukanda huo mabwawa ya umwagiliaji; lile la Minneriya lilijengwa na Mfalme Mahasena katika karne ya tatu. Maji yakipungua kiangazi, sakafu ya bwawa huota nyasi mbichi, na mamia ya tembo hukusanyika hapo wakati kila kitu kingine kimekauka. Watalii hulipa fedha nyingi kwenda kuutazama mkusanyiko huo na kuuita maajabu ya pori. Pori gani? Ni bwawa la mpunga lenye umri wa miaka 1,700.

Sasa mabua ya kiangazi hayapo tena kwa wingi ule, kwa sababu kilimo cha kuhamahama kimegeuzwa skimu za kudumu zinazolimwa mwaka mzima. Na Minneriya, baada ya kukamilika kwa bwawa kubwa la Moragahakanda mwaka 2018, maji ya ziada yaliletwa hata kiangazi, na nyasi zikabaki chini ya maji. Kwa hiyo kuna kitu kweli kilichoondolewa mdomoni mwa tembo, ila si kile kinachotajwa. Aliyefunga jiko si mwenye shoka msituni pekee. Mwenye funguo za lango la maji naye ana kesi ya kujibu.

Kutoka hoja hiyo huzaliwa mtoto wake, nayo ndiyo inayokula bajeti: warudishwe hifadhini, wafungiwe humo, tukalale. Niitendee haki. Wanaoisema wanaona wanakijiji wakizikwa, na uzio wa umeme ni kitu kinachoonekana kwa macho. Mbunge anaweza kusimama kando yake akapigwa picha. Sri Lanka imejenga zaidi ya kilomita 4,500 za uzio. Hicho ni kiasi cha kukizunguka kisiwa chote na waya ukabaki.

Na vifo? Vimepanda huku uzio ukirefuka. Mtu akikunywesha dawa chupa baada ya chupa na homa inazidi, unaruhusiwa kuuliza kama alikupima.

Jibu liko mahali uzio ulipowekwa. Ardhi ya pori huko iko chini ya idara mbili: ya wanyamapori, yenye hifadhi za taifa, na ya misitu, yenye misitu ya hifadhi. Uzio mwingi umefuata mpaka kati ya ardhi ya idara hii na ardhi ya idara ile. Upande huu msitu, upande ule msitu. Upande huu tembo, upande ule tembo. Katikati waya wenye umeme, unaolinda mstari uliochorwa ofisini. Kisha uzio unapita porini, mbali na kijiji. Mti ukiangukia waya, au mmea utambaao ukiuparamia na kunyonya umeme, hakuna wa kugundua mpaka wiki ipite. Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia. Hapa wanaovutana ni idara mbili, na nyasi ni tembo.

Naye tembo hakukaa bure kusubiri warsha. Dume akifika kwenye uzio usiku hakurupuki. Husimama, hunyoosha mkonga na kunusa bila kugusa. Kisha hutafuta nguzo ya mbao, ambayo haina umeme, huiwekea unyayo kama mtu anayejaribu ngazi mbovu, na kuisukuma polepole mpaka ilale na waya zake. Mwenye pembe hutumia pembe, kwa sababu pembe haipitishi umeme. Akishajua, anajua, kesho hahitaji hata kunusa.

Hiyo ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni ile ya kuwaswaga. Watu kwa mamia, fataki, bunduki zikipigwa hewani, wiki kwa wiki, mpaka makundi yasogezwe ndani ya hifadhi na lango lifungwe. Nani hukubali kuswagwa? Majike na watoto, maana ndio wanaotembea kwa kundi na ndio wenye hofu. Nani huvunja ghala na kuingia mashambani? Kwa sehemu kubwa ni madume wazima, wanaotembea peke yao au wawili watatu, na hao huzunguka nyuma ya waswagaji na kubaki pale pale. Kwa hiyo operesheni humkamata asiyeshitakiwa na kumwacha mshitakiwa, tena akiwa amefundishwa kwamba binadamu ni wa kupigana naye. Katikati ya miaka ya 2000, kusini mwa nchi, makundi yaliswagwa namna hiyo hadi Hifadhi ya Lunugamvehera na kufungiwa. Hifadhi ile tayari ilikuwa na tembo wake, na nyasi hazikuongezwa kwa barua ya wizara. Majike walisimama kando ya waya wakitazama upande walikotoka, mbavu zikihesabika.

Ukingo huu wa hoja unastahili kukaziwa macho. Msemaji yule yule aliyeanza kwa kutuambia tembo anatoka kwa kuwa ndani hamna chakula, ndiye anayemalizia kwa kusema afungiwe ndani. Achague moja. Kama ndani kuna chakula, hakutoka kwa njaa. Kama hakuna, anachopendekeza si uhifadhi. Ni kaburi lenye lango.

Wapo wanaosema: basi tusiswage makundi, tumchukue yule mkorofi mmoja, tumlaze kwa sindano, tumpakie loriani, tumpeleke hifadhi ya mbali. Ni hoja ya kiungwana kuliko iliyotangulia, kwani angalau inamtambua mhusika. Nayo ilipimwa. Timu hiyo hiyo ya Fernando iliwavisha kola za satelaiti madume 12 waliohamishwa, ikawafuata, na kuwalinganisha na wenyeji ambao hawakuguswa. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2012. Wengine walirudi walikotoka. Wengine walizurura huku na huko, wakipita vijiji ambavyo havikuwahi kuwa na shida ya tembo. Wachache walitulia mahali papya. Kwa jumla ugomvi ulitapakaa na kuwa mkali zaidi, na vifo vya tembo viliongezeka. Kwa Kiswahili cha mtaani, walihamisha kesi bila kuifuta, na njiani wakaizalisha.

Kabla sijaendelea, jambo dogo. Msomaji anaweza kuniambia kwamba ushahidi wangu unatoka kwa mtafiti mmoja na wenzake. Kweli, jina lake linajirudia. Ila mwaka 2020, serikali ya Sri Lanka ilipounda kamati ya kuandaa mpango wa taifa wa kupunguza ugomvi huu, ilimpa yeye huyo uenyekiti. Kwa hiyo serikali haiwezi kusema haikumsikia. Ilimsikia, ikamkabidhi kalamu, ikapokea karatasi.

Tufike kwenye "wamezidi." Hoja hii ina namba, na mwenye namba husikilizwa. Hesabu ya mwaka 2011 ilitoa tembo 5,879. Ya mwaka 2024 ikatoa 7,451. Ongezeko la zaidi ya 1,500! Kwa hiyo, wanasema, kisiwa kimejaa, na mwenye akili ataanza kuzungumzia kupunguza.

Kwanza, namba hizo hupatikana kwa watu kukaa kando ya mabwawa na madimbwi wakati wa kiangazi, usiku wa mbalamwezi, wakihesabu wanaokuja kunywa. Njia hiyo si ya kudharau, lakini inategemea sana mvua, idadi ya wahesabuji na vituo. Tena ile ya 2011 asasi nyingi za uhifadhi zilijitoa, baada ya kauli ya waziri kwamba baadhi ya tembo wadogo wangekamatwa na kupelekwa mahekaluni. Kuchukua namba mbili za namna hiyo na kutoa moja kwa nyingine ni kama kumpima mtoto leo kwa mizani ya duka la nafaka na kesho kwa ya kliniki, kisha kumshangilia mama kwa gramu.

Pili, tufanye hesabu yao wenyewe. Tukubali tembo ni 7,451. Tuseme nusu ni majike, yaani 3,725. Tuwe wakarimu, tuseme sita katika kila kumi wamefikia umri wa kuzaa: 2,235. Mimba ya tembo ni miezi 22, na jike huzaa mmoja kila baada ya miaka minne hadi sita. Tuchukue mitano. Inakuja watoto 447 kwa mwaka, endapo hakuna hata mmoja atakayekufa akiwa mdogo, jambo ambalo halijapata kutokea popote. Upande wa pili wa daftari kuna vifo zaidi ya 470 vya mwaka 2023 na zaidi ya 380 vya mwaka 2024, navyo ni vile tu vilivyoonekana na kuandikwa. Mwenye duka anayeuza hivi hawezi kusimama barazani akajisifu kwamba mali imemzidi.

Kinachoonekana kama kuzidi ni kukutana. Tembo wale wale, katika nafasi iliyokatwakatwa, wanaonekana mara nyingi zaidi na watu wengi zaidi.

Hoja ya jangili nitaipitia haraka, kwa sababu ni ugonjwa wetu sisi wa Afrika Mashariki kuupeleka mahali ambapo haupo. Tumezikwa na pembe. Tunakumbuka maghala, meli, magunia. Basi tukisikia tembo anakufa tunauliza pembe zimekwenda wapi. Lakini tembo jike wa Asia hana pembe za maana, na kwa Sri Lanka hata madume wenye pembe hawafiki mmoja katika kumi. Jangili atafuata nini kwa mnyama asiye na mali mdomoni? Kwingineko Asia hali ni tofauti, na Myanmar wameuawa hata kwa ajili ya ngozi, sikatai. Kisiwani Sri Lanka, tembo anauawa na jirani yake. Kwa risasi, kwa waya ulioungwa kinyume cha sheria kwenye umeme wa nyumba, kwa treni, na kwa kitu ambacho wenyeji wanakiita "hakka patas."

Kitu hicho hutengenezwa hivi. Baruti na vipande vya mawe au chuma hufungwa pamoja, hufichwa ndani ya tango au boga, na kuachwa njiani. Kilianza kutegewa nguruwe pori. Tembo mdogo, ambaye kama mtoto yeyote huweka kila kitu mdomoni, huokota na kutafuna. Mlipuko haumuui. Humvunja taya na kumchana ulimi, na baada ya hapo hawezi kula, na maji hunywa kwa taabu. Huenda akasimama ndani ya bwawa siku nyingi, mkonga ukijipulizia maji kwenye kidonda, mpaka miguu ikatae. Njaa ndiyo inayomuua, baada ya majuma.

Mkishaiona picha hiyo, ndipo niwaleteeni hoja ya utamaduni, maana wenye kuitoa huitoa kwa sauti ya upole. Wanasema: tembo huko ni mtakatifu. Mama yake Buddha aliota ndovu mweupe akimwingia ubavuni; Wahindu wana Ganesha mwenye kichwa cha ndovu; kila mwaka mjini Kandy ndovu waliovikwa mavazi ya dhahabu na taa huandamana usiku, na yule mkuu hubeba kasha la heshima ya Jino Takatifu la Buddha. Jamii yenye imani hiyo, wanauliza, itamwangamizaje tembo?

Kila neno hapo ni kweli, na hitimisho ni la uongo. Mwangalieni Nadungamuwa Raja, ndovu mwenye pembe ndefu aliyebeba kasha lile kwa miaka, akafa Machi 2022. Alipokuwa akitembea barabarani alisindikizwa na wanajeshi wenye silaha. Ndovu mmoja, kikosi kizima. Mwangalieni na Tikiri, jike wa miaka 70, ambaye mwaka 2019 alitembezwa kwenye maandamano. Picha yake bila yale mavazi ilionyesha mifupa na ngozi, na mwezi wa Septemba mwaka huo akafa. Mavazi yale ya dhahabu yalifunika nini? Wote wawili walikuwa ndovu wa kufugwa. Utakatifu huo humfikia ndovu akishafungwa mnyororo na kupewa jina. Ndugu yake wa porini, asiye na jina, huandaliwa boga.

Tena historia yenyewe haina usafi unaodaiwa. Chini ya wafalme, kuua tembo bila ruhusa kulikuwa kosa la kunyongwa, ndiyo. Lakini tembo alikuwa mali ya mfalme, akikamatwa kwa mazizi makubwa ya magogo na kuuzwa ng'ambo kwa vita na fahari. Zizi la mwisho la namna hiyo, la Panamure, lilitumika mwaka 1950, juzi tu. Waingereza walipoingia waligeuza sheria juu chini, wakalipa zawadi kwa kila tembo aliyeuawa, na milima ikafyekwa kwa kahawa kisha chai. Meja Thomas Rogers anasimuliwa kuua zaidi ya 1,400 kabla radi haijampiga mwaka 1845. Naye Samuel Baker, ambaye sisi tunamjua kwa kufika ziwa alilolipa jina la Albert mwaka 1864, mkono wake wa kulenga aliunoa kwanza huko Ceylon, ndiyo Sri Lanka ya leo. Mila ilikuwepo wakati wote huo. Haikuzuia risasi hata moja.

Sisemi utamaduni ni bure. Mkulima wa Sri Lanka aliyevunjiwa nyumba bado atakuambia, akikunja uso, kwamba hataki tembo waishe. Hilo ni jambo kubwa, na nchi nyingi zingelinunua kama lingeuzwa. Lakini nia njema ya mkulima si sera, na serikali inayoitegemea kama sera inamkopa mtu maskini bila kumwambia.

Kuna hoja nyingine iliyosafiri kutoka kwetu, nayo nitaitendea kwa upole kwa sababu wenye nayo wamefanya kazi. Kule Sagalla, jirani na Tsavo Mashariki, Kenya, Lucy King na wakulima walitundika mizinga ya nyuki kuzunguka mashamba, na tembo wengi waligeuza njia. Kwa hiyo, inasemwa, wapelekeeni Waasia mizinga. Imepelekwa; karibu na Hifadhi ya Wasgamuwa kuna kijiji kilichoijaribu, na sauti ya nyuki ilipochezwa kwa spika, tembo wa Asia nao walisogea mbali. Ila nyuki wa Sri Lanka ni mdogo na mpole kuliko wetu, ambaye kila aliyerina asali anamjua kwa alama za mwilini, na kundi la huyo wa Sri Lanka huhama mzinga bila taarifa. Ni kifaa kizuri kwa boma moja. Anayekiita suluhisho la nchi amepanda juu ya mzinga ili aonekane mrefu.

Nimebakiza hoja moja, na nimeiweka mwisho kwa sababu ndiyo pekee iliyonikosesha raha. Inasema: nyinyi mnaotetea tembo hamlimi. Usiku wa saa nane mko kitandani. Mwenye mpunga uliobakiza siku kumi kuvunwa yuko juu ya mti, ndani ya kibanda cha kulindia, na tochi moja.

Hoja hiyo ninaikubali nusu yake ya kwanza kabisa. Nimewahi kulala kwenye dungu bondeni Kilombero, kwa binamu yangu, na debe tupu mkononi, na ninajua jinsi tumbo linavyogeuka unaposikia mpunga ukikatika gizani na hujui ni upepo au ni mwenyewe. Binamu alikuwa akiniambia, "Ukimsikia, usipige debe upesi. Mwache kwanza ajue tuko macho." Nilipiga upesi. Fidia, huko Sri Lanka kama hapa kwetu, hulipwa. Sisi tumeipa majina ya kweli kuliko sheria nyingi, kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa uhai. Kitambaa hakirudishi kilichomwagika, wala hakifiki upesi.

Lakini nusu ya pili ya hoja inadai kwamba kwa sababu mkulima anaumia, basi tembo lazima aondolewe. Hapo ndipo inapovunjika, kwa maana mpango wa kuwaondoa umejaribiwa kwa miongo mingi, na mkulima bado yuko juu ya mti. Aliyeshindwa kwa njia hiyo ni yeye kwanza. Kilichomsaidia ni kitu cha aibu kwa udogo wake: kuuhamisha uzio kutoka mpaka wa idara na kuuleta ukingoni mwa kijiji, na mwingine mwepesi kuzunguka majaruba ya mpunga. Vijiji vya upande wa Kurunegala viliujaribu pamoja na watafiti. Wenye mashamba huchanga sehemu ya fedha, husimika nguzo wenyewe, na kwa kuwa waya uko mita chache kutoka mlangoni, tawi likiuangukia saa moja jioni, saa mbili limeshaondolewa. Hakuna barua ya kumwandikia mtu. Uzio haumzuii tembo asiende kokote duniani; unamzuia tu asiingie kwenye sahani.

Na uzio wa majaruba haukai mwaka mzima. Ukishavunwa mpunga, wakulima huutoa: nguzo zinang'olewa, waya unakunjwa na kuwekwa chini ya dari mpaka msimu ujao. Jioni ya siku chache baadaye, mabua yakiwa bado mabichi chini, tembo wanaingia kwenye majaruba yale yale kwa kutembea, wanakula kilichoachwa, wanatia samadi, na mwenye shamba anawatazama akiwa barazani kwake, anakunywa chai.